Mwalimu, historia naijua lakini insha hazinipi alama

Shikamoo Mwalimu,

Nimebakiza majuma machache kabla ya mtihani wa mwisho, na somo linaloninyima usingizi ni lile ninalolipenda kuliko yote, historia. Nasoma sana. Madaftari yangu yamejaa, tarehe nazijua, na wenzangu wakikwama hunijia mimi. Lakini kila tukifanya mtihani wa majaribio wa insha, napata alama za wastani, na wale wale niliowaelekeza wananipita.

Mtihani wetu ni wa saa tatu, insha nne. Ya kwanza huiandika kwa raha mpaka najisahau. Ya pili naiandika haraka haraka. Ya tatu nakimbia nayo, na ya nne huishia njiani, wakati mwingine utangulizi na hoja moja tu. Mara ya mwisho tuliulizwa hivi: "Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 ndio uliosababisha kugawanywa kwa bara la Afrika. Je, unakubaliana na kauli hii kwa kiasi gani?" Nilifurahi nilipoliona swali hilo, maana mada yenyewe naijua vizuri. Nikaandika jinsi Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alivyouitisha mkutano, mataifa 14 yaliyohudhuria, ajenda, maazimio, kisha athari zake kwa Afrika. Nilijaza kurasa nne na nusu. Karatasi iliporudi, pembeni kulikuwa na maneno ya wino mwekundu: "Unasimulia. Swali hujalijibu."

Mwalimu, sielewi. Kila nilichoandika ni kweli. Mwenzangu mmoja ananishauri nikariri insha kumi zilizoandikwa vizuri nikazimwage siku ya mtihani. Mwingine anasema siri ni kuwa na hoja nyingi, sita au zaidi, hata zikiwa fupi. Nifanye nini kwa muda uliobaki? Na huu woga wa saa unaonifanya mkono utetemeke, nao una dawa?

Wako,
Nisiyemaliza Insha

*

Marahaba mwanangu,

Msahihishaji wako hakukuonea, na wewe si mvivu. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Unaanza kuandika kabla hujaamua unachotaka kusema, na kwa kuwa unajua mengi, kalamu ikishaanza haina pa kusimama. Mwenzako anayejua machache hulazimika kuchagua, na kule kuchagua ndiko kunakompa alama. Wewe nawe lazima uchague, tena kwa makusudi, ndani ya dakika chache za mwanzo.

Lirudie swali lako. Halikukuuliza Mkutano wa Berlin ulikuwaje. Limekuletea kauli, kwamba mkutano ndio uliosababisha mgawanyo, kisha likakuomba uipime. Anayekuuliza "kwa kiasi gani" anataka hukumu: ndiyo kabisa, hapana kabisa, au ndiyo kwa jambo hili na hapana kwa jambo lile. Kurasa nne na nusu zisizo na hukumu ni maelezo mazuri ya swali ambalo hakuna aliyekuuliza.

Tulifanye pamoja sasa hivi, kwa yale yale unayoyajua.

Kabla ya utangulizi, chukua ukurasa wa kuandikia rasimu ujiulize: je, mgawanyo ulikuwa umeshaanza kabla ya mkutano kufunguliwa Novemba 1884? Hapo kumbukumbu zako zinaanza kujipanga zenyewe. Ufaransa ilikwisha kuitwaa Tunisia mwaka 1881. Uingereza ilikwisha kuikalia Misri mwaka 1882. Mpelelezi Stanley alikuwa Kongo tangu 1879 akikusanya mikataba kwa niaba ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Ujerumani yenyewe ilijitangazia Togo, Kamerun na Afrika ya Kusini-Magharibi mwaka 1884, miezi kadhaa kabla wajumbe hawajaketi. Kwa hiyo chanzo cha mgawanyo hakiwezi kuwa mkutano. Hilo ni jibu la kwanza.

Swali la pili la rasimu: basi mkutano ulibadilisha nini? Ulipitisha kanuni ya ukaliaji halisi, kwamba taifa linalodai eneo lionyeshe kweli lina mamlaka pale. Ulitaka pia biashara huria katika bonde la Kongo na uhuru wa vyombo kupita katika mito ya Kongo na Niger. Baada ya 1885 mbio ziliongezeka. Na swali la tatu: mipaka yenyewe ilichorwa lini? Hapa watahiniwa wengi huteleza, wakaandika kwamba wajumbe walikaa Berlin na rula wakaikata Afrika vipande. Mipaka mingi ilitokana na makubaliano ya mataifa mawili mawili yaliyofuata. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani Afrika Mashariki, kwa mfano, ulianza kukubaliwa mwaka 1886 na kupanuliwa hadi bara zaidi kwa mkataba wa Heligoland wa 1890.

Umeshapata hukumu: mkutano uliharakisha jambo lililokuwa limeanza na ukaliwekea kanuni, lakini haukulizaa. Iandike hukumu hiyo kwa sentensi moja juu ya rasimu yako. Kisha kila aya utakayoandika uitazame sentensi ile na kujiuliza kama inaitumikia. Orodha ya mataifa 14 haiitumikii, hata ukiwa unayajua yote kwa majina. Iache. Najua inauma kuacha kitu ulichohangaika kukisoma, lakini mtahini hakupi alama kwa kilichomo kichwani mwako, anakupa kwa kilichojibu swali lake.

Sasa linganisha tangulizi mbili. Wa kwanza ndio ninaoukuta kwenye karatasi nyingi, na nadhani wako haukuwa mbali nao: "Mkutano wa Berlin ulikuwa mkutano ulioitishwa na Kansela wa Ujerumani, Otto von Bismarck, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885. Zifuatazo ni sababu, maazimio na athari za mkutano huo." Wa pili: "Mkutano wa Berlin haukuanzisha mgawanyo wa Afrika, kwa kuwa Ufaransa ilikwisha kuitwaa Tunisia mwaka 1881 na Uingereza kuikalia Misri mwaka 1882. Hata hivyo, kanuni zilizopitishwa Berlin ziliyapa mataifa ya Ulaya sababu ya kuharakisha. Kwa hiyo kauli hii ina ukweli kuhusu kasi ya mgawanyo, lakini si kuhusu chanzo chake."

Urefu haupishani sana. Lakini msomaji wa ule wa pili ameshajua msimamo wako, ameona ushahidi wa aina mbili, na anajua aya zako zitaelekea wapi. Kuanzia hapo anasoma akitafuta kama utathibitisha ulichoahidi. Wa kwanza unamwacha asubiri.

Ndani ya aya, kazi ni hiyo hiyo kwa kipimo kidogo. Chukua habari za Carl Peters, Mjerumani aliyetafuta makoloni Afrika Mashariki. Ukiandika kwamba mwishoni mwa 1884 alipata mikataba ya watawala wa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, umesimulia. Ukweli huo huo uandike hivi: "Tamaa ya makoloni haikungoja ruhusa ya mkutano. Wajumbe walipokuwa wakijadiliana Berlin, Carl Peters alikuwa akikusanya mikataba Usagara na Ukami, na hati ya ulinzi ya Kaiser ikatolewa tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa. Waliokuwa wakiusukuma mgawanyo walikuwa pia wafanyabiashara na wapelelezi waliokuwa mahali penyewe." Sentensi ya kwanza inajibu swali, ya pili inaleta ushahidi, ya tatu inasema ushahidi huo una maana gani. Hiyo ya tatu ndiyo wanafunzi wengi huiruka, wakidhani tarehe inajieleza yenyewe.

Na angalia jambo la kupendeza hapa. Tarehe ile ile, 27 Februari, inaweza kutumiwa na anayekupinga. Atasema: kama mkutano haukuwa na uzito, kwa nini hati ilitolewa baada ya kufungwa? Mtu anayeliona pingamizi hilo akalijibu kwa sentensi mbili ndani ya insha yake ameshatoka kundi la wastani. Unaweza kumjibu kwamba Bismarck alingoja kwa sababu za kidiplomasia, lakini mikataba aliyoilinda ilikuwa imepatikana bila azimio lolote la Berlin. Unaweza pia kuonyesha kwamba kanuni ya ukaliaji halisi, kwa jinsi ilivyoandikwa, ilihusu maeneo mapya ya pwani, wala haikutoa ramani ya bara. Huhitaji mapingamizi matano. Moja lililojibiwa kwa uaminifu linatosha.

Nije kwenye ushauri wa wenzako.

Insha kumi za kukariri, kataa. Swali huwa halirudi kwa sura ile ile. Ukikariri insha ya "athari za Mkutano wa Berlin" kisha ukaulizwa kwa nini uliitishwa, mkono utaandika athari tu, kwa sababu ndizo ulizozifunga kichwani. Wasahihishaji wanazitambua insha za kukariri mapema, maana hazina hata neno moja la swali lililo mbele yao. Kinachofaa kukaririwa ni kidogo zaidi: kwa kila mada, matukio sita au saba yenye tarehe ambayo yanaweza kufanya kazi kwenye maswali tofauti. Tunisia 1881 inakufaa kwenye swali la chanzo cha mgawanyo, na la ushindani wa mataifa ya Ulaya, na la sera ya Ufaransa. Ushindi wa Menelik wa Pili, mfalme wa Ethiopia, dhidi ya Waitalia huko Adwa mwaka 1896 unakufaa kwenye upinzani wa Waafrika, na pia kwenye swali linalodai kwamba ubora wa silaha za Ulaya ndio ulioamua kila kitu. Ushahidi wa namna hiyo ndio wa kubeba.

Hoja sita fupi, hapo nitakuwa mwangalifu. Kuna mitihani inayosahihishwa kwa kuhesabu hoja, na kama wenu ni huo, idadi ina maana. Muulize mwalimu wako wa darasani jinsi alama zinavyogawanywa, usibahatishe. Lakini hata huko, hoja isiyoelezwa hupewa sehemu ya alama zake tu. Na pale mtahini anapopima ubora wa hoja, orodha yenyewe haitoshi, kwa sababu hoja zilizopangwa tu hazionyeshi ipi ina uzito.

Nikupe mfano. Swali: kwa nini Vita vya Majimaji vya 1905–1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani vilishindwa? Karibu kila mtahiniwa ataorodhesha silaha duni, ukosefu wa umoja, imani katika maji ya dawa, na njaa. Zote zina msingi. Mwandishi mzuri anauliza zinahusianaje. Mwezi Agosti 1905 wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge kwa wingi na bunduki za rashasha zikawaangusha. Hapo silaha ndizo zilizoamua. Lakini vita havikuisha siku hiyo. Sehemu nyingi watu waliendelea kupigana kwa kuvizia, tena baada ya kuona kwamba maji hayazuii risasi. Kilichowamaliza hao ni mbinu ya Wajerumani ya kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Ukiandika hivyo, hoja mbili kati ya zile nne zimefungamana: bunduki zilishinda mapambano ya wazi, njaa ikakamilisha vita. Insha ya hoja tatu zilizofungamana hivi naipa alama zaidi ya insha ya hoja saba zilizopangwa kama majina ya mahudhurio.

Saa sasa. Hapa ndipo unapopoteza alama nyingi kuliko unavyodhani. Saa tatu kwa insha nne ni dakika 45 kila moja. Tuseme kila insha ina alama 25. Ya kwanza ungeiandika kwa dakika 45 ungepata labda 17. Ukiiongezea dakika 20 kwa raha zako, itapanda hadi 18 au 19. Dakika hizo 20 umezitoa kwenye ya nne, na ya nne iliyoishia njiani inashuka kutoka 14 hadi 5 au 6. Umenunua alama mbili kwa alama nane. Alama za mwanzo za insha yoyote hupatikana kwa urahisi kuliko za mwisho, kwa hiyo insha nne zilizokamilika zinaishinda insha moja nzuri yenye tatu za kufukuzana.

Ukipewa karatasi ya maswali, andika juu yake saa za kumaliza. Mtihani ukianza saa tatu asubuhi, utaandika saa nne kasorobo, saa nne na nusu, saa tano na robo, saa sita. Saa nne kasorobo ikifika, acha nafasi ya nusu ukurasa, hamia insha ya pili, hata kama ulikuwa katikati ya sentensi tamu. Utarudi ukipata muda. Katika zile dakika 45, saba ziwe za rasimu, kama 35 za kuandika, na zinazobaki za kusoma ulichoandika. Dakika saba za rasimu zitakuuma mwanzoni, kwa sababu jirani yako atakuwa ameshafungua ukurasa wa pili. Mwache afungue.

Pima pia mkono wako. Kaa nyumbani, andika kwa kalamu kwa dakika 35 mfululizo kuhusu mada unayoijua, uhesabu kurasa. Ikiwa ni tatu, basi insha yako ni ya kurasa tatu: utangulizi mfupi, aya tatu au nne nzito, hitimisho la sentensi chache. Zile kurasa nne na nusu ulizoziandika zilikuwa za muda wa insha nyingine. Na ikitokea kwamba umebakiwa na dakika tano na insha ya nne haijaguswa, usiandike utangulizi mzuri. Andika hukumu yako kwa sentensi moja, kisha hoja tatu, kila moja na ushahidi wake mmoja. Mtahini anaweza kukupa kitu kwa hoja iliyotajwa, lakini ukurasa mtupu haumpi pa kuanzia.

Hitimisho sitalizungumzia sana. Lisirudie aya zako moja moja. Liseme hukumu kwa namna iliyokomaa kidogo kuliko ulivyoisema mwanzoni, likionyesha sababu ipi ilikuwa nzito kuliko nyingine, basi.

Kuhusu mkono kutetemeka: woga wako kwa sehemu kubwa unatokana na kutojua utaandika nini kwenye mstari unaofuata. Rasimu inauondoa woga wa namna hiyo. Siku yenyewe, ukishachagua maswali, anza kwa kuandika kwenye rasimu tarehe tatu au nne unazoziamini kuhusu swali la kwanza. Mkono ukishaandika 1881, 1882, 1885, unatulia. Usianze na sentensi ya kwanza ya insha, hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Anza pia na swali unalolimudu, ila saa yake ya kumaliza iheshimu kuliko ya maswali mengine, maana hilo ndilo litakalokuteka.

Kwa majuma yaliyobaki, punguza kusoma daftari upya. Najua kusoma kunakutuliza, lakini kusoma tayari unakuweza, na mtihani hautakupima hapo. Tafuta maswali ya mitihani iliyopita. Kila siku chukua mawili, yapangie dakika saba saba, uandike hukumu na hoja tatu zenye ushahidi, usiandike insha. Mazoezi haya ni mafupi na yanachosha kweli, kwa kuwa kila mara unalazimika kuamua. Mara mbili kwa wiki andika insha nzima kwa saa, kwa kalamu, simu ikiwa chumba kingine. Na angalau mara moja kabla ya mtihani keti saa tatu zote kwa insha nne, ili mwili nao ujue uchovu wa insha ya nne.

Anza na ile ile ya Berlin iliyokurudia na wino mwekundu. Usiiandike yote upya. Andika utangulizi mpya na sentensi ya kwanza ya kila aya tu, kisha mpelekee mwalimu wako wa historia na umwombe akuambie jambo moja: je, mtu akisoma sentensi hizo peke yake, anajua unakubaliana na kauli ile kwa kiasi gani?